Mgeni wa Cicily

Jumatatu, 7 Mei 1984

Leo nimemrudisha Cicily chuoni kwa muhula wa pili. Tulitoka Siakago na vumbi kwenye nyusi, tukafika kule juu saa nane mchana tukiwa ndani ya ukungu. Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa, nikiwaambia watoto kwamba mlima mmoja unaweza kuwanyima hawa mvua na kuwamwagia wale. Bado nilishangaa. Kwetu mawele yamekauka yakiwa na urefu wa kidole. Kule Meru nyasi za njiani zilinilowesha suruali mpaka magotini.

Chuo chao cha ualimu kiko ukingoni mwa msitu, na mto uko chini yake. Mtu huusikia kabla ya kuona chochote. Cicily alinisindikiza hadi langoni akiwa na sweta lile jembamba. Ana miaka ishirini.

"Siku ya wageni ni tarehe ishirini na sita," nikamwambia. "Tutakuja, mimi na mama yako."

"Mkishindwa nitaelewa, Baba."

"Muhula uliopita tulishindwa lini?"

Akacheka, akaingia. Alipopiga hatua kumi sikumwona tena.

Jumapili, 13 Mei

Tumeombea mvua kanisani. Wingu moja lilikuja, likapita kuelekea Kiritiri.

Alhamisi, 17 Mei

Mbuzi wawili wamekufa.

Jumatano, 23 Mei

Mke wangu, Wambeti, amekaanga karanga za kumpelekea Cicily. Analalamika kichwa. Nimemwambia ni moshi.

Jumamosi, 26 Mei

Hatukwenda.

Si moshi, ni malaria, na imempanda. Tangu jana asubuhi niko naye kwenye zahanati. Daktari msaidizi amemdunga sindano mbili na kuniambia nimpe maji hata akikataa. Nilifikiri kumwachia dada yake nikimbie Meru nirudi kesho, lakini kila nikisimama ananishika shati.

Niandike na jambo hili, maana limenikaa. Karibu na saa saba mchana alifungua macho, akatazama dari, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Cicily ameshakula." Kisha akalala usingizi mzuri, wa kwanza kwa siku mbili.

Jumatatu, 28 Mei

Ametoka zahanati. Anatembea akishika ukuta.

Jumanne, 5 Juni

Barua ya Cicily imefika kwenye sanduku la shule. Nainakili:

"Wapendwa Baba na Mama, mimi sijambo. Msisumbuke moyoni kwa sababu ya ile Jumamosi. Najua Mama ni mgonjwa. Nilipata chakula cha siku ya wageni kama wenzangu, na nikasukwa nywele. Mwambieni Mama apone."

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Sikumwandikia kwamba mama yake anaumwa. Nilikuwa nimengoja apone kwanza nisimtie mtoto hofu. Hakuna mtu wa hapa Siakago anayesoma kule, wala anayefanya kazi kule.

Nilimpa Wambeti barua. Akaisoma polepole, akaikunja.

"Aliota," akasema.

"Na nywele?"

"Wenzake walimsuka."

Lakini aliiweka chini ya mto wake, mahali ambapo haweki barua.

Jumanne, 19 Juni

Hakuna mvua. Hakuna barua.

Jumamosi, 30 Juni

Nimekwenda chuoni peke yangu, kwa kuwa Wambeti bado hana nguvu ya safari. Nilifika saa tano. Mlinzi wa lango, mzee mmoja mpole aitwaye Mwongera, alinifungulia daftari la wageni.

"Unamwona nani, Mwalimu?"

"Cicily Rwamba. Ni binti yangu."

Akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu tayari ana mgeni. Mama yake yuko naye tangu saa tatu."

Nilimwacha Wambeti nyumbani alfajiri ya leo. Alinifunga karanga kwenye kitambaa, akasimama mlangoni mpaka nikapinda kona. Nilimwambia mzee yule anionyeshe daftari. Palikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mwanafunzi: Cicily Rwamba. Mgeni: Mama. Nikafunua nyuma, tarehe 26 Mei. Mwandiko uleule. Mama.

Nilitembea hadi kwenye mabenchi ya wageni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na familia zilizokaa pale zilionekana kama nguo zilizoanikwa. Nilisikia kabla ya kuona. Sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema kwa Kimeru, taratibu, "Kathambi, inama kidogo. Kathambi, usitikise kichwa." Na sauti ya mwanangu ikaitika, "Ee, Mama."

Alikuwa ameketi chini, mgongo wake katikati ya magoti ya mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye shuka la buluu mabegani. Anasukwa. Amevaa sweta zito la sufu, jekundu lililokolea, ambalo sikumnunulia. Amenenepa. Ni jambo la ajabu kwa baba kuona mtoto wake ana afya na kuogopa.

Mwanamke aliniona kwanza. Hakushtuka. Alimaliza msuko aliokuwa ameshika, akaufunga, akasimama.

"Karibu, Baba," akasema. "Chai bado ni moto."

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Ciakuthii. Nyumbani kwangu ni ng'ambo ya mto." Akamgusa Cicily kichwani. "Sasa baba yako amekuja. Mimi naenda." Na akaondoka kweli, bila haraka, kikapu mkononi.

Nilikaa alipokuwa amekaa. Ubao ulikuwa na joto.

"Cicily, kwa nini unaitika jina lisilo lako?"

"Ni jina tu, Baba. Halinidhuru."

"Na nani alikwambia mama yako ni mgonjwa?"

"Yeye. Siku ile wenzangu wote walikuwa na watu, mimi nilikaa hapa na kitabu mpaka saa sita. Akaja akakaa. Akaniambia mama asiyefika siku ya wageni ama ni mgonjwa ama hayuko duniani, na kwamba wangu ni mgonjwa na atapona. Akanipa chakula."

Nikamuuliza alikula saa ngapi. Akafikiri. "Kama saa saba hivi."

Sikumwambia aliyosema mama yake zahanati. Nilimpa karanga. Alizila moja moja, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba.

Nilipokuwa nikitoka nilimvuta Mwongera kando. Alisema haya. Ciakuthii alikuwa na binti hapa, Kathambi, mwaka wa sabini na tisa. Wakati ule alikuwa akija chuoni kwa miguu, akivuka mto juu ya gogo; siku hizi huzunguka kwa daraja la barabara. Siku moja ya wageni kahawa ilikuwa imeiva, akasema atakwenda mwezi ujao. Binti alingoja. Ilipofika mchana aliteremka mtoni kumpokea mama yake kwenye jiwe lililo karibu na lile gogo. Mto ulikuwa umejaa. Alipatikana baada ya siku tatu.

"Tangu hapo hakosi siku ya wageni hata moja," akasema. "Hutafuta msichana asiye na mtu, akamkalia. Wakubwa walijaribu kumzuia. Lakini utamfukuzaje? Halii, hagombani. Na hajawahi kusema kwamba mtoto amekufa. Husema amechelewa."

"Nani amechelewa?"

"Yeye mwenyewe."

Jumapili, 1 Julai

Nimemweleza Wambeti yote, isipokuwa ile saa saba. Nilitarajia alie au aseme tukamtoe mtoto. Alivuta ungo wa ndengu. Kisha akauliza, "Alimsuka vizuri?"

"Vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua ndengu. Nilikasirika. Nilitaka tumchukie yule mwanamke pamoja.

Jumatatu, 9 Julai

Kisima cha shule kimekauka. Watoto wanaleta maji ya kunywa kwa chupa.

Jumatano, 18 Julai

Barua. Ni fupi kuliko zote.

"Wapendwa wazazi, mwezi huu msije. Baridi ni kali na Mama hajapata nguvu. Mama anakuja kila Jumamosi sasa, hata isiyo ya wageni, na tunateremka mtoni. Hajaweza, lakini ameahidi siku ya wageni ataweza. Mto umejaa kwa mvua ya mlimani. Msinihofie."

Mwisho wa barua ameandika herufi K, akaifuta kwa mstari mmoja, akaandika Cicily.

Nimekaa na karatasi hii darasani mpaka watoto wakatoka wenyewe. "Mama hajapata nguvu" ni mke wangu. "Mama anakuja" ni nani? Mwandiko ni wa Cicily. Nimeulinganisha na daftari zake za zamani.

Nilimpelekea Wambeti shambani. Alisimama katikati ya mawele yaliyokufa akaisoma.

"Huyo mwanamke nilimshukuru moyoni," akasema. "Sikukwambia. Nililala na shukrani hiyo tangu barua ya kwanza. Nilijua kuna mtu alikuwa na mtoto wangu siku ile. Nilijua tu."

"Na sasa?"

"Sasa nitakwenda mwenyewe."

"Huna nguvu, Mama Cicily."

"Ninazo za kwenda."

Ijumaa, 27 Julai

Tumelala Chuka kwa mpwa wangu ili tufike mapema. Wambeti amekula kidogo. Nje ni ukungu tupu.

Jumamosi, 28 Julai

Naandika haya saa kumi jioni, kwenye chumba cha wageni cha kanisa lililo karibu na chuo.

Basi letu lilikwama kwenye matope, tukafika saa tano na nusu badala ya saa tatu. Mwongera alinitambua. Alipomwangalia mke wangu, uso wake ukabadilika.

"Huyu ni nani, Mwalimu?"

"Ni mama yake Cicily," nikasema.

Akatazama daftari, kisha akamtazama tena. "Nilikuwa kwenye chai. Mwenzangu ndiye aliyewafungulia. Ciakuthii amemtoa saa nne kwa ruhusa ya ofisi." Akanionyesha karatasi. Ilisema: kumsindikiza mzazi hadi mtoni.

Wambeti hakungoja. Nilimshika mkono tukateremka ile njia, kati ya migomba kwanza, halafu ndani ya msitu. Udongo ulikuwa ukiteleza. Kila baada ya hatua chache alisimama kuvuta pumzi, na kila aliposimama tuliusikia mto umekaribia, na juu ya mto, sauti. Ilikuwa ikiita, "Kathambi." Ikanyamaza, kama mtu anayesikiliza. Kisha tena, "Kathambi, niko njiani."

Tulitokea pale palipo na gogo. Ni mti mmoja mnene uliolazwa toka ukingo hadi ukingo, na waya wa kushika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita karibu kugusa tumbo la gogo. Upande wetu, chini kidogo, kuna jiwe pana. Cicily alikuwa amesimama juu yake na sweta lile jekundu, mgongo kwetu, akitazama ng'ambo. Maji yalikuwa yakipanda juu ya jiwe, yakimfunika viatu, yakirudi. Ng'ambo, ndani ya ukungu, palikuwa na kitu cha buluu kilichosimama mwanzoni mwa gogo. Kilikuwa kikiinua mguu, kikiurudisha.

"Cicily," nikaita.

Hakugeuka.

"Rwamba," nikaita. Ni jina la mama yangu mzazi. Ndilo tunalomwitia nyumbani tangu azaliwe. Hakugeuka. Labda ni kelele ya maji. Nimejiambia hivyo tangu mchana.

Nilishuka hadi kwenye jiwe, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Alinitazama, akanijua, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba alinijua vizuri kabisa.

"Bado, Baba," akasema. "Bado hajafika."

"Maji yanapanda. Twende."

"Nikiondoka kabla hajafika, itakuwa vilevile."

Nilimvuta. Alishika chuma kilichochomekwa kwenye jiwe, na sikuwa na nguvu ya kumbandua bila kutuangusha sote wawili. Nilipogeuka kumwita Wambeti anisaidie, sikumwona nyuma yangu. Alikuwa juu ya gogo.

Mke wangu hajawahi kuvuka mto wenye maji. Mito yetu Mbeere ni mchanga miezi tisa ya mwaka. Alikuwa akienda kwa ubavu, mikono miwili kwenye waya, kitambaa chake cha kichwa kimeanguka. Nilitaka kupiga kelele nikaogopa kumshtua. Ukungu ukammeza, nikabaki na mkono wa mtoto na jiwe linalofunikwa na maji.

Ile sauti ilikoma kuita. Nikasikia wanawake wawili wakizungumza, mmoja Kimbeere na mwingine Kimeru, lugha ndugu. Maneno yalinifikia kwa vipande.

"Nilikuwa na kahawa," mmoja alikuwa akisema. "Nilisema mwezi ujao."

"Nilikuwa na homa," akajibu Wambeti. "Hata mimi sikufika."

"Siwezi kuvuka. Kila mara miguu inakataa."

"Shika kiuno changu. Usitazame maji, tazama mgongo wangu."

Sijui walichukua muda gani. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyangu. Nilimwona Wambeti kwanza, kisha mikono miwili mikubwa iliyoshikana mbele ya tumbo lake, kisha shuka la buluu. Walifika ukingoni kwetu. Wambeti akakaa kwenye matope papo hapo. Ciakuthii akaja hadi kwenye jiwe peke yake.

Alimtazama Cicily usoni kwa muda mrefu. "Nimechelewa, mwanangu," akasema.

"Umefika," akajibu Cicily.

Kisha akaachia kile chuma. Akaja nami ukingoni kwa hiari yake, kama mtoto aliyeambiwa mchezo umekwisha. Ciakuthii alipiga magoti, akamvua viatu, akamkausha miguu kwa shuka lake, mguu mmoja, halafu mwingine. Alipomaliza alisimama mbele ya mke wangu.

"Asante, mama wa mtoto."

Akavuka gogo kurudi kwake, wima, bila kushika waya. Tulipofika juu penye migomba tukageuka kutazama. Jiwe halikuonekana tena, lilikuwa chini ya maji.

Jumapili, 29 Julai

Cicily alilala toka jana adhuhuri mpaka asubuhi hii. Alipoamka nilimuuliza kwa upole, maana hasira ya usiku mzima ilikuwa imenitoka.

"Alikulazimisha?"

"Hapana, Baba. Alinieleza yote tangu mwanzo. Alihitaji mtu wa kumngoja pale, basi: mimi nabaki kwenye jiwe, yeye anazunguka kwa daraja ili aje akitokea kwake. Jumamosi nne alijaribu, akashindwa kuvuka, tukarudi kimya."

"Na wewe ukakubali kusimama kwenye maji?"

"Yeye alikuwa anajaribu kuja," akasema.

Wambeti alikuwa akimfungulia nywele ili azisuke upya. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea. Niliitazama misuko ya yule mwanamke ikifunguka mmoja baada ya mwingine.

Jumanne, 7 Agosti

Siakago: jua.

Ijumaa, 10 Agosti

Chuo kimefungwa. Tumekwenda wote wawili kumchukua Cicily. Langoni Mwongera alisema Ciakuthii hajaonekana tangu siku ile, ingawa Jumamosi nyingine imepita. Cicily akaomba tumpitie, amuage. Sikupenda. Wambeti akasema ni adabu.

Tulizunguka kwa daraja la barabara. Nyumba yake ni ya mbao, safi, na mbele yake kuna mikahawa iliyopogolewa juzijuzi. Alikuwa uani akipepeta maharagwe. Aliinuka, akajifuta mikono, akatusalimia mmoja mmoja kwa heshima, kama mtu anavyosalimia wapita njia.

"Mmetoka mbali?"

"Siakago," nikasema.

"Kule kwenye jua. Poleni." Akamgeukia Cicily, akatabasamu vizuri. "Na huyu ni binti yenu? Anaitwa nani?"

Nilimtafuta usoni, nione kama anatania au anaficha. Hakuwa anaficha kitu. Yalikuwa macho ya mtu aliyelala vizuri.

Cicily alikawia. Sweta jekundu lilikuwa mwilini mwake.

"Rwamba," akasema.

"Rwamba. Jina zuri. Anasoma hapo chuoni?"

"Ndiyo," akasema Wambeti.

"Hata mimi nilikuwa na binti pale. Alifariki." Alisema hivyo akichagua ndizi kwenye mkungu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamkabidhi mke wangu chane moja nzima. "Mle njiani. Safari ni ndefu, na kuna baridi. Huyu mtoto amefanya vizuri kuvaa sweta."

Tukashukuru, tukatoka. Cicily alitembea mbele yetu. Tulikuwa tumepita lango la jirani tuliposikia ile sauti nyuma yetu, ileile ya mtoni, ikiita. Cicily alisimama. Alisimama kabisa, mguu mmoja mbele, kichwa kimeinama upande, na nikaona kifua chake kikijaa pumzi ya kuitika.

Ciakuthii alikuwa akiita kuku.

Wambeti alinipa ndizi nibebe. Akamshika Cicily kifundo cha mkono, kama anavyoshikwa mtoto mdogo anapovushwa barabara, na hakumwachia mpaka basi lilipokuja.